Hodi kwenye Nyumba Isiyo na Mlango

Mkono wa Mzee Rangi ulinyooka kuutafuta mlango, ukapitiliza hadi nje.

Tangu macho yake yalipozimika, mzee yule alikuwa na desturi ya kuamka alfajiri, akatawadha, akaswali, kisha akaambaa ukuta wa chumba cha mbele mpaka vidole vikalipata komeo. Hulivuta, akaipa asubuhi ruhusa ya kuingia, akarudi kitini. Ndiyo kazi pekee iliyombakia katika nyumba, naye aliitenda kwa uangalifu wa mtu aliyekabidhiwa amana. Alipokuwa na macho alikuwa mpaka rangi. Kuta nyingi za mtaa wetu zilipendeza kwa brashi yake, na nyumba ile aliyoipanga aliipaka mwenyewe, juu ya ngazi yake mwenyewe. Kila ufa aliujua, kila pembe aliijua. Penginepo pote alikuwa kipofu. Mle ndani alikuwa mtu mwenye macho kumi.

"Wameuchukua kweli," alisema.

Mkewe aliinua uso kutoka kwenye cherehani. Tulimwita Bi Uzi, kwa kuwa sare za shule za watoto wetu zilipita mikononi mwake, na hakuna aliyewahi kumwona bila uzi uliomning'inia mahali fulani kwenye nguo.

"Si nilikwambia jana?"

"Uliniambia mimi. Mkono hukuuambia."

Bi Uzi alitaka kucheka, kisha akatazama mlangoni. Mbele yake palikuwa na miimo miwili mitupu, na matundu ya misumari mahali palipokuwa na bawaba, na barabara nzima ikimtazama nyumbani kwake kama inavyotazama duka.

Mwenye nyumba wa awali tulimwita Hajji, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alipofariki, nyumba ilimwangukia mwanawe wa pekee, na mtaa usiokawia kubatiza ukamwita Mrithi. Kijana huyo hakuwa mbaya. Alikuwa na mke mjamzito, na wote wawili walikuwa wakiishi ukweni, katika chumba kilichopakana na chumba cha mama mkwe. Kukaa ukweni si dhambi. Lakini chai ya ukweni huwa na macho, na kila kijiko cha sukari huandamwa na pumzi ya mtu. Mrithi alitaka kwake. Alikwenda kwa Bi Uzi akamwambia kwa mdomo tu, akiwa amesimama barabarani, kwamba anaihitaji nyumba.

"Nipe muda, baba," Bi Uzi alimjibu. "Kodi yako hatujakukosea hata mwezi mmoja. Mimi nahama leo, lakini huyu lazima nimtafutie nyumba atakayoweza kuijifunza upya. Hilo si jambo la juma moja."

Mrithi akaenda kulia shida yake kwenye benchi la fundi saa. Fundi huyo alipata kuwa shahidi mahakamani mara moja ujanani, katika kesi ya baiskeli, na tangu siku hiyo hapakuwa na shauri asilolitolea hukumu. Tulimwita Wakili wa Benchi.

"Ukimtoa kwa mkono, umejitia kesini," alisema Wakili wa Benchi, lenzi yake ikiwa jichoni. "Ng'oa mlango, useme unaupeleka kurekebishwa. Nyumba isiyo na mlango ikikutwa tupu jua linapozama, imerudi kwa mwenyewe. Hiyo ndiyo sheria."

"Una hakika?"

"Kijana, mimi nimesimama kizimbani."

Basi Mrithi akaja na seremala, akasema mlango umeliwa na mchwa kwa chini, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwamba utarudi kesho, jambo ambalo halikuwa kweli. Mzee Rangi alikuwa amelala usingizi wa mchana. Lakini benchi la fundi saa halina pazia. Neno lililosemwa pale asubuhi lilimfikia Bi Uzi kabla ya magharibi. Naye aliliamini, kama tulivyoliamini sisi sote, kwa sababu lilisemwa kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Hapo ndipo lilipotokea jambo la kustaajabisha: mdai na mdaiwa waliongozwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Mrithi alipita mara kwa mara akichungulia kama nyumba ni tupu, na Bi Uzi akaapa haitakutwa tupu.

Akaacha kwenda sokoni. Akaacha kupeleka sare shuleni. Alichukua vipande vya kaki na vya buluu vilivyobaki kwenye mikato, akaviunga kuwa pazia, akalitundika mlangoni ili mumewe asile chakula hadharani. Lakini pazia halina komeo.

Aliyekuja kwanza alikuwa muuza nyama wa jirani. Alibeba kigoda chake, akakiweka kwenye kizingiti, akaketi na kuliziba pengo lote.

"Shemeji, nenda sokoni," alisema. "Mimi leo ni mlango."

"Na bucha?"

"Nyama imekwisha kufa, haikimbii."

Kesho yake alikuja mwalimu mstaafu, bibi mwembamba mwenye miwani, na kigoda kile kile. Kisha akaja mtengeneza baiskeli na pampu yake, kisha mama muuza mikate na kapu lake. Hakuna aliyepanga zamu hizo; zilijipanga. Likawa neno la mtaa, mtu akikutana na mwenzake asubuhi, amuulize: "Leo mlango ni nani?" Akijibiwa ni muuza nyama, husema: "Hapiti hata inzi." Akijibiwa ni mwalimu, husema: "Heri umpige kikumbo muuza nyama. Ule mlango wa leo unauliza maswali."

Mzee Rangi, aliyezoea kukaa peke yake siku nzima na mlio wa cherehani, alijikuta ana wageni. Alisimuliwa habari za barabara, akasomewa gazeti, na siku ya mwalimu akasahihishiwa mashairi aliyoyatunga kichwani. Moja lilikuwa hili, nasi tulilishika kwa moyo:

Nyumba sitara na siri, si matofali na chuma;
Mgeni wa njia nzuri, hubisha hodi mapema.

"Vina vimekaa," mwalimu alikubali. "Lakini nani atabisha hodi hapa, mzee? Hapana pa kugonga."

"Hodi haigongwi kwenye mbao, mwalimu. Hugongwa kwenye adabu."

Mwalimu ndiye aliyesema kwamba zamu ni nzuri lakini si dawa, na kwamba liko Baraza la Nyumba lililowekwa kwa mambo kama hayo. Akaandika malalamiko kwa mwandiko wake wa ubaoni, siku ikapangwa. Na siku ilipowadia, Bi Uzi akakataa kwenda.

"Siku zote nimelinda isikutwe tupu, leo niende barazani mpaka jua linizamie huko?" alisema. "Mume wangu akiutafuta mlango, akapitiliza nje kidogo tu, basi tumekwisha. Leo mlango ni mimi mwenyewe."

Hatukuweza kumtikisa. Muuza nyama akavua aproni, akaenda badala yake.

Baraza lilikaa katika chumba chenye meza ndefu na feni iliyozunguka kwa kujilazimisha. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye ushungi wa kijivu, asiyependa kurudia neno. Mrithi alikuwa ameketi mstari wa mbele, shati limepigwa pasi.

"Mlalamikaji yuko wapi?" mwenyekiti aliuliza.

"Yuko nyumbani, Mheshimiwa," alisema muuza nyama, akasimama. "Zamu ya kuwa mlango leo ni yake."

Kalamu ya karani ilisimama.

"Mheshimiwa," Mrithi akadakia, "kama hataki kuja, naomba shauri lifutwe."

"Hilo linawezekana," mwenyekiti alisema polepole, akimtazama muuza nyama. "Mwenye shauri asipofika bila sababu, naweza kulifuta. Sababu yake ni ipi?"

Muuza nyama alielewa kwamba neno lake lijalo laweza kuwabakisha watu wawili ndani ya nyumba au kuwatoa. "Akija hapa, nyumba itabaki haina mtu wa kuilinda."

"Halafu?"

"Halafu ikikutwa tupu jua likizama, si imerudi kwa mwenyewe? Si ndiyo sheria?"

Mwenyekiti alivua miwani. Akamgeukia Mrithi. "Na wewe unaijua sheria hiyo?"

"Ndiyo, Mheshimiwa," alisema Mrithi, kwa fahari kidogo, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali alilokuwa amejitayarisha nalo.

"Mmeisoma wapi?"

Walitazamana, mahasimu wale wawili, kwa mara ya kwanza wakiwa upande mmoja. "Kwenye benchi la fundi saa," alijibu muuza nyama.

Karani akashikwa na kikohozi kilichomlazimu kuinamia meza. Mwenyekiti hakucheka. Alivaa miwani yake akasema kwamba sababu ameisikia, na kwamba kwa kuwa mlalamikaji hawezi kulijia baraza, baraza litamwendea mlalamikaji, likakae katika nyumba yenyewe.

Siku ya kikao hicho Mrithi alitangulia kufika. Mwalimu ndiye aliyekuwa kizingitini. Kijana alimpita ubavuni, akalisukuma pazia la kaki na buluu, akaingia mpaka katikati ya chumba, akasimama mikono nyuma, akiyatazama mapaa kama mtu anayepiga hesabu ya bati.

"Kijana," mwalimu alisema bila kugeuka, "umeupiga mlango kikumbo."

Mguu wa Bi Uzi ulikuwa juu ya kanyagio la cherehani, lakini haukukanyaga. Mzee Rangi aligeuza sikio. "Nani huyo?"

Mrithi aliendelea kuyatazama mapaa, pengine kwa haya, pengine kwa kutoona sababu ya kujitaja.

Punde zikasikika nyayo nje, zikakoma. Mwalimu akainuka kuwapisha. Mwenyekiti alikuwa na karani wake nyuma, na mbele yake hapakuwa na kitu ila kitambaa kilichotikiswa na upepo. Angeweza kukisogeza kwa kidole kimoja. Hakukigusa.

"Hodi," alisema.

"Karibu, Mheshimiwa, karibu, ingia," Mrithi aliitikia kutoka ndani.

Pazia halikusogea. "Sijabisha kwako, ndugu. Hodi wenyewe."

Bi Uzi aliondoa mguu kwenye kanyagio, akainuka. Tangu mlango ung'olewe, watu walikuwa wakiita tu kutoka barabarani, kwa kuwa pazia halina pa kugonga; na waliokuja kwa ubaya walikuwa wakichungulia. Hodi hakuwa ameisikia. Hakujua kwamba mtu anaweza kuwa na njaa ya neno.

"Hodi," mwenyekiti alisema mara ya tatu, kwa upole, kama mtu ambaye asipojibiwa sasa, atarudi zake kama adabu inavyotaka.

"Karibu," Bi Uzi alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akairudia. "Karibu, mama. Karibu ndani."

Hapo mwenyekiti akavua viatu, akaingia, akasalimia, akapewa kiti. Kabla hajakikalia alimtazama Mrithi.

"Wewe umeingia kwa karibu ya nani?"

"Mheshimiwa, nyumba ni yangu."

"Sikuuliza nyumba ni ya nani. Hati nimeziona, ni yako, na hakuna anayebisha. Nimeuliza umeingia kwa karibu ya nani."

Mrithi alimwangalia mwalimu, akamwangalia Bi Uzi, akakosa pa kuyaegemeza macho.

"Hebu nijibu hili basi," mwenyekiti aliendelea. "Marehemu baba yako alikuwa akiingiaje hapa?"

Tulidhani atatafuta maneno ya benchi. Angeweza kusema hakumbuki; nani angemsuta? Lakini aliyageuzia macho yale matundu ya bawaba, na uso wake ukarudi kuwa wa yule mtoto aliyekuwa akipita mtaani ameshikwa mkono na babake.

"Alikuwa anasimama nje," alisema. "Anakohoa, kisha anabisha hodi. Hata mlango ukiwa wazi. Nilimuuliza siku moja, baba, kwani hii si nyumba yetu?"

"Akasema nini?"

"Akasema, ni yetu, lakini nimeipangisha."

"Andika hilo," mwenyekiti alimwambia karani. "Mimi sitakuwa na maneno mengi zaidi ya marehemu."

"Hata mvua ikinyesha," Mzee Rangi alisema kutoka kitini, "alikuwa akibaki nje kwenye maji mpaka mke wangu avae ushungi. Namshukuru mpaka leo. Namwombea kila sala."

Mwenyekiti akatamka uamuzi wake, naye aliutamka kwa Kiswahili ambacho hata muuza mikate, aliyekuwa amesimama dirishani na kapu lake, alikifahamu. Mwenye nyumba akipangisha amekabidhi utulivu wa nyumba pamoja na kuta zake. Hawezi kuuchukua utulivu akaacha kuta. Mlango, paa na maji si fadhila zake. Ni wajibu wake, na kilichoharibika hukirekebisha bila kumwacha mpangaji uchi. Akiihitaji nyumba kwa ajili yake na mkewe, anayo haki ya kuomba: atoe notisi ya maandishi yenye sababu na muda wa kutosha, na wasipokubaliana, aje barazani asikilizwe. Pasipo amri ya baraza hakuna anayetolewa. Si kwa mkono, si kwa kung'olewa mlango. Na mpangaji naye alipe kodi, aitunze nyumba, na mwenyewe akiomba kuja kuikagua kwa adabu, amfungulie. Mlango urudi.

Bi Uzi alikuwa akisikiliza huku akikunja na kukunjua kipande cha kaki. "Mheshimiwa, niulize neno moja. Kwa hiyo ningetoka, nikaiacha tupu, nyumba isingepotea?"

"Isingepotea, mama. Ungekwenda sokoni, ukarudi usiku, bado ungekuwa mpangaji."

"Basi hawa wote wamekaa kizingitini bure."

Mwenyekiti alimtazama mwalimu na kigoda chake. Akamtazama muuza nyama, ambaye bega lake lilionekana nusu nyuma ya pazia. "Kisheria, bure," alisema. Kisha akaufunga mkoba wake. "Lakini mimi ni mtu wa sheria tu. Mengine mwulizane wenyewe."

Mzee Rangi tu ndiye aliyecheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega, akasema alhamdulillahi, kwa kuwa laiti mtaa ungaliijua sheria, yeye angalikosa wageni wake.

Kisha akaacha kucheka. "Mwanangu," alisema, akigeukia mahali ilipokuwa pumzi ya Mrithi. "Mkeo anajifungua lini?"

"Karibuni, mzee. Mungu akipenda."

"Huko huko ukweni?"

"Huko huko, mzee," alisema Mrithi.

"Uani kuna uwanja wa vyumba viwili. Marehemu alikuwa akiupima kwa hatua zake kila akija, akisema siku moja atajenga. Mimi na mke wangu twaanikia nguo tu. Nguo hazihitaji uwanja wote."

"Uani ni kwenu," Mrithi alisema. Lilikuwa jambo jepesi kulisema, lakini tuliona jinsi lilivyomtoka kwa uzito. "Mmeupanga pamoja na nyumba."

"Ndiyo maana naweza kukukaribisha. Ungekuwa wako, ningekukaribishaje?"

Bi Uzi alimtazama mumewe, akatikisa kichwa kama afanyavyo mke aliyezoea mume kugawa kabla ya kushauriana, kisha akamwambia karani: "Andika na hilo. Ila mafundi wasinikanyagie kamba yangu ya nguo." Karani akaandika makubaliano, na wote wakayatia sahihi, Mzee Rangi kwa dole gumba.

Mlango ulirudi kabla ya alasiri ya siku ya pili. Seremala alikiri kwamba ulikuwa umeegemezwa karakanani kwake tangu siku ile, haujaguswa. Sasa alikuwa ameukata sehemu iliyoliwa na mchwa, akaunga mbao mpya, kwa gharama za Mrithi. Mrithi mwenyewe aliushika wakati bawaba zikipigwa misumari. Ulipokwisha kutundikwa, Mzee Rangi aliambaa ukuta, vidole vyake vikalipata komeo, vikalipapasa juu na chini, vikashuka mpaka kwenye ile mbao mpya.

"Hii haijapakwa rangi," alisema.

"Nitaleta, mzee. Rangi gani?"

"Nitachagua mimi."

Mtengeneza baiskeli aliangua kicheko, na Mzee Rangi akacheka kuliko yeye.

Bi Uzi alilishusha pazia, akalifumua mshono kwa mshono. Vipande vile akavishona upya: muuza nyama akapata aproni, mtengeneza baiskeli mfuko wa spana, muuza mikate kifuniko cha kapu, na mwalimu mto wa kuweka kwenye kigoda. Kila mmoja alisema haikuwa lazima, na kila mmoja alichukua chake kwa mikono miwili. Hata fundi saa alipelekewa kitambaa cha kufutia lenzi, pamoja na salamu kwamba aone vizuri.

Asubuhi moja baada ya hapo Mrithi alikuja na fundi mwashi na kamba za kupimia. Alikuwa na ufunguo wa mlango wa uani mfukoni, akauacha mfukoni. Alisimama nje ya mlango wa mbele, akakohoa, nasi tuliokuwa karibu tukageuka, kwa sababu kikohozi kile tulikuwa tumekizika pamoja na Hajji.

"Hodi," alisema.

Cherehani ikanyamaza ndani. Akangoja. Tulimsikia Bi Uzi akinyanyuka, tukazisikia nyayo zake zikija hadi mlangoni, zikasimama pale, na komeo halikulia.

"Hodi, mama," alisema tena, sasa kwa wasiwasi. "Ni mimi. Nije wakati mwingine?"

"Usiende, mwanangu," ilijibu sauti nyuma ya mbao. "Bisha tena. Baba yako huyu wa humu ndani amelishika komeo, anataka kukufungulia."